Nyumba ya Kawempe na Deni la Ndugu

Askari aliyejijengea vyumba vitatu Kawempe, kando ya barabara iendayo Bombo, hutumia miaka mingi ya mshahara. Basi mdogo wake akielemewa na deni la kadi ya benki, na wazee wa ukoo wakamtaka aiweke nyumba rehani ili amwokoe, yafaa azungumze kwanza na mkewe. Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009 haitambui rehani ya nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenzi. Ikiwa nyumba imesimama juu ya kibanja katika ardhi ya mailo, idhini ya mwenye ardhi nayo yahitajika.

Hapo deni hubadilika sura. Mwenye kadi alidai mtu. Mwenye rehani hudai nyumba. Malipo yakikatika, mkopaji hupewa siku 45 za kazi ajirekebishe, kisha siku 21 za kazi kabla ya mnada. Hiyo ni miezi mitatu tu, na wanaolala humo ni watoto wasiokopa kitu.

Wapo pia wakopeshaji wa mitaani wanaomtilisha mtu sahihi mkataba wa mauzo na kuuita mkopo. Karatasi hiyo ikataliwe.

Mwanajeshi anacho chama cha akiba cha Wazalendo, polisi anacho Exodus. Aulize huko kwanza, akope kiasi ambacho mshahara wake waweza kukilipa, na mdogo wake aandike mbele ya wazee atakavyokirudisha.