Kabla ya Kuingia Korongoni, Uliza Maji Yanatoka Wapi

Mtu wa hapa kwetu Mitundu hana haja ya kuelezwa korongo ni nini. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga tu: ng'ombe hupita humo, watoto hucheza, na penye unyevu watu huchimba kisima kifupi wakapata maji ya ndoo mbili tatu. Mvua za msimu zikishuka, kati ya Novemba na Aprili, njia hiyo hiyo hugeuka mto kwa saa chache, kisha hukauka tena. Leo nataka kuzungumzia makorongo ya aina nyingine, yale membamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na ambayo vijana wengi sasa wanayaona kwenye simu zao na kutamani kuyapita pamoja na marafiki. Kanuni inayoyatawala ni ile ile ya korongo la nyumbani, na kutoijua kumeua watu wengi.

Mfano wa karibu uko Kenya, katika Hifadhi ya Hell's Gate, kando ya Naivasha. Ndani yake kuna korongo la Ol Njorowa. Zamani, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, maji yake yalifurika upande wa kusini yakakata njia katika majivu na miamba ya volkano. Ziwa likapungua, njia ikabaki, na kila mvua imeendelea kuichimba. Ukishuka humo unakuta kuta zilizolainishwa na maji, chemchemi za moto zinazotiririka ubavuni mwa mwamba, na sehemu ambazo watu hupita mmoja mmoja. Ni mahali pazuri mno, na ninaelewa kabisa kwa nini watu husafiri kutoka Nairobi kwenda kupaona.

Tarehe 22 Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa lilikuwa matembezini humo maji yalipokuja ghafla, na vijana 7 wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019 maji yalirudi, yakaua tena watu 7, akiwamo mwongoza watalii. Siku zote mbili zilikuwa Jumapili, siku ambayo familia na marafiki hutoka. Na tazama miezi yenyewe: Aprili ni masika, mtu angeweza kujihadhari; Septemba kwa kawaida si mwezi wa kuogopa mvua kubwa sehemu ile.

Maji yale yanatoka wapi, basi? Si lazima yatoke juu ya kichwa chako. Kila korongo lina eneo lake la kukusanya maji, yaani ardhi yote ambayo mvua ikinyesha juu yake, maji hayana pa kwenda isipokuwa humo. Eneo hilo linaweza kuwa kilomita nyingi kutoka pale uliposimama. Katika nchi kame, matone makubwa ya mvua ya kwanza hupiga udongo ulio wazi, chembe ndogo huziba vitundu vyake, na uso wa ardhi hufunga kama sakafu. Mahali penye nyasi na vichaka maji hupata nafasi ya kuzama. Pasipo na majani huteleza yakashuka. Mwamba mtupu haunywi kitu.

Sasa fanya hesabu. Chukua maji yenye kina cha sentimita 30, chini ya goti la mtu mzima, yanayotembea katika korongo lenye upana wa mita 10. Yafikishe kwenye mpenyo wa mita 1. Yakibaki na mwendo ule ule, lazima yapande hadi mita 3. Yakiongeza mwendo mara mbili, kina kitakuwa mita moja na nusu, lakini nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne kwa kila sehemu ya mwili inayopigwa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, na humo ndani kuna matope, magogo na mawe. Katika eneo wazi, maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ndani ya mpenyo hakuna kukimbilia pembeni, kwa sababu pembeni hakupo.

Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, upande wa juu wa korongo, na aliyeokoka kati ya waliosombwa ni mwongozaji mmoja peke yake. Tangu hapo ngazi za chuma zimefungwa kwenye mwamba, na hakuna mgeni anayeingia bila mwongozaji. Miaka 18 baadaye, Septemba 2015, watu 7 walioingia pamoja katika korongo la Keyhole, Hifadhi ya Zion, walikufa wote. Asubuhi hiyo hifadhi ilikuwa imetangaza kwamba kuna uwezekano mkubwa wa mafuriko ya ghafla.

Kisa cha Zion kinanigusa kuliko vingine, kwa sababu habari zilikuwapo. Kundi la marafiki lina nguvu na lina udhaifu. Watu wameomba ruhusa kazini, wamechangia mafuta, wamesafiri usiku kucha. Nani atasema turudi? Ndiyo maana nashauri kanuni ya kuahirisha ikubaliwe kabla ya safari: mtu yeyote katika kundi, hata mdogo kuliko wote, akisema haingii, kundi zima haliingii, na hakuna atakayemuuliza maswali. Mwongozaji naye asilipwe pungufu kwa sababu ameghairi. Posho yake ikitegemea kuingia, ataingia.

Wanaoshuka makorongo kwa kamba wana hatari moja zaidi. Kikundi hushuka poromoko la kwanza, kisha huvuta kamba ili kuitumia kwenye poromoko linalofuata. Kamba ikishavutwa, kurudi juu hakuwezekani tena. Njia iliyobaki ni kwenda mbele hadi mwisho. Kwa hiyo uamuzi wote ni kabla ya kuvuta kamba. Humo ndani pia kuna madimbwi yasiyoliona jua, na mtu anaweza kutetemeka kwa baridi katikati ya jangwa. Kofia ngumu, nguo za kuhifadhi joto, kamba ya akiba na maji ya kunywa si mapambo.

Asiyeaga huongeza hatari yake mwenyewe. Aprili 2003 Mmarekani Aron Ralston alikwenda peke yake katika korongo la Bluejohn, jimbo la Utah, bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe likambana mkono. Alikaa humo saa 127, na mwishowe akaukata mkono wake ili apate kutoka.

Waswahili wenzetu walioko Oman wanayajua makorongo yanayojaa ghafla kwa jina la wadi. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla huko yaliua watu wengi, wakiwamo wanafunzi waliokuwa ndani ya gari lililosombwa. Hao hawakuwa watalii, ni watoto waliokuwa safarini kama siku nyingine yoyote. Kwetu pia hatari iko zaidi kwa anayevuka korongo kwenda shamba, shule au mnadani kuliko kwa anayesafiri kutafuta mandhari.

Dalili zipo kwa anayezitafuta: maji safi yanayobadilika rangi ghafla, vijiti na majani yakianza kuelea, ngurumo ya mbali, upepo baridi ukishuka ndani ya korongo. Ukiona mojawapo, panda juu papo hapo, uache mzigo. Usikimbie kufuata korongo kwenda chini, maji yatakushinda mbio.

Walimu, viongozi wa vijana makanisani na misikitini, na ninyi mnaopanga safari za marafiki: kabla ya siku ya kwenda, tazameni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa eneo lote la juu ya korongo, si la pale mnapoegesha gari. Waulizeni wenyeji maji yalifika wapi mara ya mwisho, mkaangalie takataka zilizonasa juu ya kuta. Mwambieni mtu aliyebaki nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Wingu likiwa zito upande maji yanakotoka, ahirisheni.