Kambi ya Muziki: Kijana Akirudi Nyumbani Inakuwaje?

Katika vikao vya kamati za sharika tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara. Kwa nini dayosisi igharimie vijana kukaa kambini wiki nzima wakiimba, wakati kila usharika una kwaya na mazoezi yapo? Swali hili ni la haki. Tungependa kulijibu kwa kueleza kambi inamfanyia nini mwimbaji kijana, na pia mahali ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Wenzetu walivyoanza

Kambi za muziki za likizo zimeenea sana Marekani, ambako shule hufungwa kwa muda mrefu wakati wa majira ya joto. Mojawapo ya zile kongwe ni ya Interlochen, katika jimbo la Michigan, iliyoanzishwa mwaka 1928 na Joseph Maddy kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Jessye Norman, aliyeanza kuimba kanisani akiwa mtoto mdogo na baadaye akawa mwimbaji mashuhuri wa opera duniani, alipita hapo akiwa kijana.

Walutheri wa huko walianzisha Lutheran Summer Music mwaka 1981. Kwa desturi vijana huishi pamoja kwa takriban wiki nne katika chuo cha Kilutheri. Huimba kwaya, hupiga ala, hufundishwa mmoja mmoja, hushiriki ibada kila siku, na mwishoni hufanya matamasha.

Kambi inafanya nini

Kwanza, inatoa muda. Katika mazoezi ya kawaida ya usharika, saa mbili huisha kwa kukariri wimbo mmoja kwa kusikiliza. Kambini kijana anapasha sauti kila asubuhi, anajifunza kuvuta na kutunza pumzi, kisha anasoma nota za do-re-mi. Akishazizoea, anafungua ukurasa na kuimba wimbo ambao hajawahi kuimbiwa na mtu. Siku hiyo anatambua kwamba muziki si mali ya mwalimu peke yake.

Pili, inamfundisha kuuelewa mwili wake. Wavulana wengi hubadilika sauti kati ya umri wa miaka 12 na 15. Kikoromeo hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nene, na sauti hushuka kwa takriban oktava moja. Katika kipindi hiki sauti hukwaruza na kuruka. Wengi huambiwa wameharibikiwa sauti, nao huacha kuimba moja kwa moja. Kambini mwalimu humtafutia kijana nota anazozifikia bila kujikaza, naye huona wenzake wakipitia hali hiyo hiyo.

Tatu, inampa heshima ya alichonacho. Vijana wetu hushangaa wanapoelezwa kwamba wimbo "Mfurahini, Haleluya", ambao maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Mchungaji Bernard Kyamanywa wa Tanzania kwa sauti ya asili ya Kihaya, umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani kilichotolewa mwaka 2006. Hivyo wanajua kwamba na sisi tunacho cha kutoa.

Tulipokosea

Mwaka wetu wa kwanza tulipima mafanikio kwa idadi ya nyimbo zilizofundishwa, na taarifa yetu ilipendeza. Miezi michache baadaye tulitembelea sharika na kukuta baadhi ya vijana wale hawaimbi tena. Mmoja alitueleza kwamba aliporudi aliambiwa akae nyuma, awasikilize wakubwa. Mwingine alikuta mwalimu wake wa kwaya hatumii nota, hivyo alichojifunza kilionekana ni majivuno. Tuliwasha moto tukasahau kuandaa kuni.

Tangu hapo tunauomba kila usharika ulete vijana wawili pamoja na mwalimu wao wa kwaya, ili wajifunze kwa pamoja. Aidha, ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, vijana hao wafundishe kwaya yao wimbo mmoja na kuuongoza katika ibada.

Tunachoomba

Kamati za sharika, mahindi na maharage mnayochangia kwa ajili ya kambi ni msaada mkubwa, lakini msaada mkubwa zaidi ni nafasi mtakayompa kijana Jumapili inayofuata. Wafadhili wetu, mnapouliza matokeo ya kambi, msitosheke na picha za siku ya kufunga. Tuulizeni ni wangapi bado wanaimba mwaka mmoja baadaye. Swali hilo litatusaidia sisi pia kufanya kazi yetu vizuri zaidi.