Umeng'olewa jino? Linda damu iliyoganda

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Leo tunaongea juu ya jino. Kuling'oa ni kazi ya mganga wa meno. Sisi tutaongea juu ya siku zinazofuata, ukisharudi kambini na shimo mdomoni.

Nianze na kosa langu mimi mwenyewe. Niling'olewa gego la chini. Muuguzi aliniambia nisiteme wala nisisukutue siku hiyo. Nilimsikia, lakini ladha ya damu ilinichosha. Jioni ileile nikasukutua maji ya chumvi, nikatema, nikasukutua tena mpaka mate yakawa meupe. Nililala nikifikiri nimesafisha kidonda. Siku ya tatu maumivu yalipanda mpaka sikioni, na usiku ule sikupata usingizi. Niliporudi, muuguzi alitazama akaniambia: "Kifuniko umekitoa wewe mwenyewe."

Kifuniko gani? Jino likitoka, shimo linajaa damu, na damu hiyo inaganda. Ndiyo bandeji ambayo mwili umejitengenezea. Inafunika mfupa na mishipa ya fahamu, na chini yake nyama mpya inaanza kuota. Ikitoka mapema, mfupa unabaki wazi. Maumivu yake huanza kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na mdomo unaweza kunuka. Basi kazi yako kubwa ni moja: linda damu hiyo.

Kwanza, uma ile pamba au kitambaa ulichowekewa kwa nguvu, nusu saa nzima, bila kukitoa kila mara kutazama. Mate kuwa na wekundu kidogo siku ya kwanza si jambo la kuogopa. Damu ikirudi kutoka, keti wima, kunja kitambaa safi, kiweke juu ya shimo, uume tena nusu saa.

Ganzi hukaa saa kadhaa. Usile kabla haijaisha, maana utajiuma au utajiunguza bila kujua. Mama, mwangalie mtoto asitafune mdomo wake.

Kwa saa 24 za kwanza, usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija. Mate yameze, au yaache yatiririke yenyewe. Usinywe pombe, na usile kitu cha moto sana. Uji uliopoa, viazi vilivyopondwa, bugali laini, vyote vinafaa. Tafuna upande wa pili. Mahindi ya kuchoma yangoje.

Sigara iache siku 3 angalau. Ule uvutaji unaweza kuing'oa damu, na moshi unachelewesha kupona.

Tena, usibebe bidoni la maji siku hiyo wala kesho yake. Najua foleni ya maji haimngoji mtu. Mwombe jirani, nawe utamsaidia zamu yake. Ukiinama na kunyanyua mzigo, damu inaweza kuanza upya.

Baada ya saa 24, sasa chumvi ina faida. Tia nusu kijiko kidogo cha chumvi katika gilasi ya maji safi ya uvuguvugu. Shika maji mdomoni, inamisha kichwa polepole huku na huku, kisha yaache yaanguke. Fanya hivyo baada ya kula. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, ila shimo usiliguse kwa mswaki, kidole wala kijiti.

Kwa maumivu, parasetamoli husaidia. Mtu mzima mwenye afya humeza vidonge 2 vya miligramu 500, angoje saa 6, na asipite vidonge 8 kwa siku. Aspirini usiitumie bila kumwuliza mganga, maana huongeza kutoka damu. Lakini kama ulikuwa unaitumia kwa ugonjwa wa moyo, usiiache bila kuuliza. Usitie shimoni tumbaku, majivu wala majani. Na vidonge vya amoksisilini vilivyobaki kwa jirani si vyako.

Rudi kwa mganga haraka ukiona haya: damu haikomi hata baada ya kuuma kitambaa, maumivu yanaongezeka siku ya 2 au ya 3, uvimbe unakua baada ya siku ya 3, usaha, homa. Na kama huwezi kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Amsha watu wakupeleke usiku huohuo.

Neno kwa walio kwenye orodha ya basi la kwenda Mahama. Safari hiyo inavuka nchi nzima, kutoka Rusizi mpaka Kirehe. Ukiwa umeng'olewa jino jana au juzi, waambie waganga wa kambi kabla hujapanda. Wenye kisukari, shinikizo la damu au mimba, semeni hata kabla jino halijang'olewa.

Fizi hujifunga kwa wiki moja au mbili. Siku ya kwanza ndiyo ngumu: ladha ya damu itakuchosha kama ilivyonichosha mimi. Ivumilie mpaka kesho. Mwambieni jirani ambaye hakusikia.

(Muziki wa kufunga.)