Mafunzo ya Kazi Kijijini: Nani Afundishwe, Wapi, na Wakati Gani



Watu husema kwamba kijiji chenye watu wengi ndicho chenye nguvu. Neno hilo ni kweli nusu tu. Mikono mia isiyojua kazi yaweza kushindwa na mikono kumi iliyofunzwa. Karatasi hii yaeleza jinsi mafunzo yanavyoongeza nguvu za kazi kijijini, na jinsi mwezavyo kuyaanzisha ninyi wenyewe.

1. Hasara ya kukosa maarifa

Zamani za utawala wa Waingereza, vijana wengi wa Songea waliacha mashamba ya baba zao wakaenda kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya mkonge, mbali na kwao. Hawakwenda kwa uvivu, bali kwa kuwa fedha ya kodi haikupatikana nyumbani. Mzigo wa jembe ukawaangukia wanawake na wazee. Hata leo kijana asiyeona faida katika shamba la nyumbani huondoka, wala hapana amri iwezayo kumzuia. Kazi yenye faida ndiyo imzuiayo, na faida hutaka maarifa.

Itazameni tumbaku ya moshi. Zao hili lilienea Songea katika miaka ya 1930, na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kiitwacho NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936. Mtu mwenye nguvu aweza kulima shamba kubwa la tumbaku. Lakini moto wa bani ukiwa mkali mno mapema, jani hukauka likali bichi. Na ukiwa hafifu mno, jani huoza. Kazi ya miezi mingi yaharibika kwa siku chache, kwa sababu aliyelinda moto hakufundishwa.

2. Shule ya ngoro

Msidhani kwamba mafunzo ni kitu cha wageni. Katika milima ya Umatengo, upande wa Mbinga, watu wamelima kwa ngoro tangu kabla ya Wajerumani kufika. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga juu ya mteremko kwa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale, hata matuta yazunguke shimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni yasichukue udongo. Na majani yakioza huwa mbolea ya maharage, na baadaye ya mahindi.

Maarifa hayo hayakuandikwa kitabuni. Binti alijifunza kando ya mama yake na kijana kando ya baba yake, shambani, katika majira ya kazi yenyewe. Hiyo ndiyo siri yake.

3. Afundishwe yule ashikaye jembe

Mara nyingi mkutano wa kilimo huitishwa, wakaja wanaume peke yao, wakasikia habari za kupanda kwa mistari. Lakini siku ya kupanda, mbegu zi mikononi mwa mama, naye hakuwapo mkutanoni. Basi maarifa yamebaki barazani na shamba limebaki kama lilivyokuwa. Kwa hiyo kabla ya kuita watu, ulizeni kwanza: Kazi hii hufanywa na mkono wa nani? Huyo ndiye aitwe. Na kama ana mtoto mchanga, saa ya mafunzo ifuate nafasi yake.

4. Jinsi ya kuanzisha shamba darasa

Njia hii ilianza Indonesia mwaka 1989 katika mashamba ya mpunga, nayo imeenea Tanzania pia.

(a) Kusanyikeni watu 20 hadi 30, wake kwa waume, vijana kwa wazee. Mwombeni bwana shamba au bibi shamba awaongoze.

(b) Tengeni vipande viwili vya shamba vilivyo sawa, mahali ambapo watu wote hupita. Kimoja kilimwe kwa desturi yenu. Cha pili kwa njia mpya. Kwa mahindi, pandeni mvua za kwanza zinapolowesha udongo vizuri, mistari ikate mteremko, sentimeta 75 toka mstari hadi mstari na 30 toka shimo hadi shimo, mbegu moja kila shimo.

(c) Kutaneni mara moja kila juma mpaka mavuno. Tazameni wadudu, magugu na rangi ya majani. Kila mtu aseme alichoona.

(d) Pimeni mavuno ya vipande vyote viwili kwa mzani mmoja, na gharama zake pia. Msiamini maneno ya mtu; uaminini mzani.

(e) Jifunzeni na kuhifadhi. Tieni punje za mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, mkaitikise. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji. Yakitiwa ghalani yataota ukungu, na ukungu mwingine una sumu ya kudhuru ini.

(f) Kila aliyejifunza awafundishe jirani wawili.

5. Vyuo vilivyo karibu

Kuna kazi zisizofundishika shambani tu: useremala, uashi, ushonaji, ufundi wa mashine. Kwa hizo kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Mbinga kuna kimoja. Songea mjini kuna chuo cha ufundi cha VETA. Kijiji kikimpeleka kijana, kipatane naye mapema ni kazi gani itamngoja akirudi. Fundi asiye na kazi kwao atakwenda kujenga kwa wengine, kama walivyokwenda wale wa mkonge.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvua haingoji mwanafunzi. Chagueni kipande chenu cha shamba sasa, kabla mawingu hayajakusanyika.