Chujio la Oili: Mlinzi Mdogo wa Injini Ziwani

Kisiwa cha Remba kimo katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, katika Kaunti ya Homa Bay. Ni kisiwa kidogo chenye mawe mengi na watu wengi zaidi: Wajaluo, Wasuba, na wageni kutoka Uganda na Tanzania, na walio wengi riziki yao ni sangara na omena. Hapana barabara ya kwenda Mbita ila maji. Kwa hiyo injini ya mashua ndiyo miguu ya wenyeji. Ikizimika usiku katikati ya ziwa, na upepo umeanza kuvuma, hasara si ya samaki tu, bali hata roho za watu zimo hatarini. Yafaa basi kila mwenye mashua aijue kazi ya chujio la oili.

INJINI ZA NAMNA MBILI

Kwanza yapasa kutambua injini ni ya namna gani. Iko ile ya mapigo mawili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Injini hii haina chujio la oili, na mwenye nayo asidanganywe kununua. Kazi yake ni kupima mchanganyiko kama kitabu kinavyoagiza. Namna ya pili ni ya mapigo manne. Hiyo huweka oili chini yake na kuizungusha tena na tena. Nyingi katika hizo zina chujio, ingawa baadhi ya zile ndogo sana, pamoja na jenereta ndogo za petroli, hazina.

Oili inayozunguka huchukua masizi na vumbi la chuma linalotokana na vyuma kusuguana. Chujio la karatasi iliyokunjwakunjwa huyanasa hayo. Mmarekani Ernest Sweetland na mwenzake George Greenhalgh walitengeneza chujio la oili kwa injini za magari mwaka 1923. Karatasi ikijaa uchafu, vali ndogo hufunguka ili injini isikose oili. Lakini oili hiyo hupita bila kuchujwa, na beringi huanza kulika kimya kimya. Mwenyewe hasikii lolote mpaka siku injini inapokwama.

KUCHAGUA

Watu wengi hudhani kwamba chujio lolote linaloingia katika nyuzi za skrubu linafaa. Sivyo. Machujio mawili yaweza kufanana kwa nje, na vali zake zikawa za nguvu mbalimbali. Njia salama ni kusoma namba ya chujio katika kitabu cha injini na kununua lenye namba hiyo, au la kampuni nyingine ambalo limeandikwa wazi kuwa linaifaa injini hiyo. Mnunuzi atazame maandishi ya kopo, mpira wa kuzibia, na kama limewahi kufungwa mahali pengine. Kuosha chujio kuukuu kwa petroli ni kujidanganya: uchafu hautoki wote, na petroli inayobaki huipunguzia oili nguvu.

MARA NGAPI?

Injini ya mashua huhesabiwa kwa saa, si kwa maili. Vitabu vingi vya injini za mapigo manne huagiza oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au mwaka mmoja, na chujio kila saa 200 au mwaka. Linalotangulia ndilo lifuatwe. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kushika neno "mwaka". Mwaka ni wa mtu atembeaye ziwani kwa starehe mara mojamoja. Mvuvi aendeshaye saa 6 kila siku hutimiza saa 100 kwa siku 17, na saa 200 kwa siku 34. Basi heri awe na daftari, aandike saa za kila safari. Jenereta za dizeli nazo zina hesabu yake katika kitabu.

Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Chujio jipya halitaponya ugonjwa huo, ni lazima fundi aitwe.

KUFUNGA

Oili imwagwe injini ikiwa na joto kidogo. Mpira wa chujio jipya upakwe oili safi, kisha likazwe kwa mkono kama maelezo yake yanavyosema, bila kutumia spana. Baadaye injini iwashwe kidogo, itazamwe kama inavuja, izimwe, na oili ipimwe tena. Oili chafu isitupwe ziwani, maana maji hayo ndiyo watu wanayoyanywa. Itiwe katika dumu na kupelekwa bara.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya chujio ni ndogo sana mbele ya bei ya injini mpya, na mbele ya uhai wa mabaharia haina hesabu.