Shavu la mguu likiuma ghafla, usikimbilie kulichua

Umechelewa kazini na matatu ndiyo hiyo inaondoka. Unachomoka mbio kuifuata, mara unahisi kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu. Unageuka, hakuna mtu. Ukijaribu kupiga hatua nyingine, mguu unakataa.

Msomaji, hujapigwa na mtu. Yaelekea umechanika msuli wa shavu la mguu, yaani ile nyama nene iliyo kati ya goti na kisigino.

Shavu hilo lina misuli miwili mikubwa inayoungana katika kano ya kisigino. Ule wa nje huanzia juu ya goti, na ndio huumia mara nyingi, hasa upande wa ndani wa mguu. Sababu ni kwamba hupita viungo viwili: goti na kifundo cha mguu. Goti likinyooka ghafla huku unajisukuma kwa vidole, msuli huvutwa na kujikaza kwa wakati mmoja, nyuzi zake zikakatika.

Wanaoumia zaidi ni watu wa makamo wanaokaa ofisini wiki nzima, kisha Jumamosi wakaingia uwanjani bila kupasha mwili moto. Uchovu pia huchangia, na aliyewahi kuumia hapo ni rahisi kuumia tena.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kliniki ni kuchua mguu kwa dawa ya moto siku hiyo hiyo. Kufanya hivyo huongeza damu kuvuja ndani ya msuli. Badala yake, pumzika, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hivi mara kadhaa kwa siku, funga bendeji isiyobana sana, na uinue mguu. Jeraha dogo hupona kwa wiki 1 hadi 3; kubwa huchukua wiki 6 au zaidi.

Hata hivyo, si kila maumivu ya hapo ni ya msuli. Ikiwa shavu limevimba na kuuma bila wewe kukimbia wala kuruka, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, huenda damu imeganda mshipani. Mguu kama huo usiuchue kamwe. Donge hilo likifika mapafuni laweza kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukianza kuhema au kuumwa na kifua, usingoje hata dakika moja.

Aidha, ukishindwa kusimama kwa ncha za vidole, muone daktari. Huenda kano ya kisigino imekatika.

Na matatu? Iache iende. Nyingine yaja.