Chembe Nyeupe Katika Losheni ya Chunusi: Usitikise, Usipake

Je, umewahi kununua losheni ya chunusi iliyochanganywa mtaani, ikawa safi kama maji siku ya kwanza, kisha baada ya siku chache ukakuta chembe nyeupe zimetuama chini ya chupa? Ikiwa unaishi Murera, Ruiru au Thika, jambo hili laweza kukupata hasa mwezi wa Julai, baridi inapozidi. Wengi hutikisa chupa na kuendelea kupaka. Kufanya hivyo kwaweza kukuunguza ngozi.

Asidi isiyopenda maji

Losheni nyingi za chunusi huwa na asidi ya salisiliki, ambayo ina undugu na aspirini. Kazi yake ni kulegeza ngozi iliyokufa na kufungua vinyweleo vilivyoziba. Taabu ni kwamba haiyeyuki vizuri majini. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 2 hivi tu, ilhali losheni ya asilimia 2 huhitaji gramu 20 kwa lita, yaani mara kumi. Ndiyo sababu watengenezaji wenye ujuzi huiyeyusha kwanza kwa spiriti au kiyeyushi kingine kinachofaa ngozi.

Magadi na limau

Asiye na ujuzi huo hutafuta njia ya mkato. Hutia magadi, yale yale yanayolainisha mahindi ya githeri. Mchanganyiko hutoa povu na unga wote huyeyuka. Mnunuzi huona maji maangavu akadhani dawa imeiva. Kumbe asidi imegeuka kuwa chumvi, ambayo huyeyuka kwa urahisi lakini haipenyi ngozi vizuri.

Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Kadiri namba inavyopungua chini ya 7 ndivyo uchachu unavyozidi. Katika pH 3, karibu nusu ya asidi ya salisiliki huwa imegeuka chumvi. Katika pH 4, inayobaki asidi ni kama sehemu moja kwa kumi. Katika pH 5, haifiki hata sehemu moja kwa mia.

Sasa mtengenezaji akiona losheni haifanyi kazi, huongeza maji ya limau ili kurudisha uchachu. Chumvi hugeuka tena kuwa asidi, maji hushindwa kuibeba, na chembe huanguka chini. Baridi nayo huleta matokeo kama hayo, kwa kuwa maji baridi huyeyusha asidi kidogo kuliko maji ya moto.

Hatari iko wapi?

Losheni ya juu huwa hafifu na ya chini kali. Kutikisa hakuzigawi chembe sawasawa, kwa hiyo shavu moja laweza kukosa dawa na jingine likaungua. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, jeraha dogo kama hilo laweza kuacha doa jeusi la miezi mingi, baya kuliko chunusi yenyewe.

Fanya hivi:

• Tupa losheni ya asidi iliyotoa chembe. Usiongeze magadi, limau wala maji ya moto.

• Nunua iliyoandikwa kiasi cha asidi, tarehe ya mwisho wa matumizi na yenye alama ya ubora ya KEBS.

• Usiponde aspirini ukaichanganya na limau. Nayo haiyeyuki vizuri majini.

• Ikiwa aspirini hukudhuru, au una mimba, muulize daktari kwanza.

• Ukiungua, osha kwa maji mengi yanayotiririka kisha uende hospitalini. Usijaribu kuituliza asidi kwa magadi usoni.

Kwa watengenezaji wadogo: nunueni karatasi za kupimia pH na mizani ndogo. Kisha acheni chupa moja mahali pa baridi kwa siku kadhaa kabla ya kuuza. Chembe zikionekana, mchanganyiko huo haufai, hata kama leo asubuhi ulikuwa safi kama maji ya mvua.